Maji ya Mgeni Kule Merigi

Jamani, tangu nirudi sijamaliza kikombe kimoja cha chai bila mtu kupiga hodi. Na wote mnaanza na swali lile lile. Hamuulizi mjukuu amefanana na nani, wala Kenya kukoje. Mnakung'uta mvua kwenye kanga, mnakaa, mnanitazama tumboni, halafu mnasema, "Mama Tumpe, tumbo je? Halikukusumbua?"

Siwalaumu. Ninyi wa kikundi cha Jumatano ndio mlionisindikiza kwa masharti. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika mwenzetu Mama Sekela, aliyevuka mpaka wa Tunduma na magunia yake ya mchele akarudishwa amelazwa nyuma ya lori, midomo imemkauka, kwa kuhara siku mbili tu. Kwa hiyo mlinikalisha chini mkanipa sheria. Nisinywe maji nisiyoyaona yakichemka kwa macho yangu. Nisile tunda nisilolimenya mwenyewe. Nisiguse chakula kilichopoa. Mlisema nikirudi mzima mtajua nilizishika.

Nilizishika zote. Nimeamua kuandika badala ya kusimulia, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nafika mahali fulani nanyamaza, nanyi mnadhani ni uchovu wa safari.

TUKUYU HADI ARUSHA

Kwa wageni wa kikundi ambao hawajui, Tumpe ni mwanangu wa pekee. Aliolewa na Weldon, fundi wa mitambo kutoka Bomet, aliyekuja kufunga mashine za kukaushia majani kwenye kiwanda chetu cha chai na alipomaliza kazi akaondoka na binti yangu. Miaka mitatu sikuwa nimemwona, na mjukuu wangu Chebet alikuwa amefikisha mwaka na miezi miwili bila kunijua. Ndiyo maana nilisafiri katika mvua ile ya El Nino, wakati watu wenye akili zao walikaa ndani.

Nilibeba birika dogo la bati, mayai ya kuchemsha, karanga na ndizi zilizokuwa bado hazijaiva. Karibu na Mikumi maji yalikuwa yakipita juu ya barabara, basi likasimama tangu asubuhi hadi alasiri. Abiria walishuka kwenye vibanda wakala wali na samaki. Mimi nilimwendea mama ntilie mmoja na birika langu, nikamwomba anichemshie maji yangu mwenyewe, yatokote hasa, nami nimesimama pale pale nikiangalia. Akasogeza pembeni sufuria yake ya maharage akaliweka birika. Yalipoanza kutokota nikamwambia bado. Akasukuma kuni nyingine. Nikasema bado kidogo.

"Mama," akaniuliza, "hivi unanunua chai au unanunua moto?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nikamshukuru, nikarudi kwenye basi na maji yangu. Maharage yake niliyaacha pale pembeni yakiwa yamepoa, na sikuyafikiria tena.

NAMANGA

Habari za mihuri na foleni siwachoshi nazo. Tulivuka. Upande wa Kenya niliingia hoteli moja ya mabati, nikiwa na njaa ya kweli maana mayai yaliishia Arusha. Kabla ya kuagiza nilimwambia mhudumu, mwanamke mmoja mnene mwenye aproni, kwamba ningependa kwanza kuona jikoni.

"Kuona jikoni?"

"Ndiyo. Nione maji mnayotumia, na mnavyoyachemsha."

Akapotea nyuma ya pazia. Nikasikia minong'ono, kisha sufuria zikigongana, kisha kitu kizito kikimwagwa uani. Mwenye hoteli akatoka anajifuta mikono, akanivutia kiti.

"Karibu sana madam. Hapa kwetu kila kitu ni clean. Hiyo ya jana tumemwaga yote."

Kumbe walinidhania mtu wa afya aliyetumwa kuwafungia. Walikuwa wamemwaga sufuria nzima ya githeri, mahindi na maharage ya watu, na madereva watatu waliokuwa wakiisubiri waliondoka na njaa zao huku wananiangalia. Mimi nilikaangiwa mayai nikaletewa chai ya kuunguza ulimi. Nilikula nikashiba. Niliona ni kichekesho cha kuwaletea ninyi, na kweli nilikuwa nimekipanga vizuri kichwani, hadi jinsi nitakavyoigiza sauti ya yule mwenye hoteli.

NAIROBI HADI KERICHO

Basi la Kericho lilichelewa kuondoka kwa saa nne, kisha likaharibika kabla ya Nakuru tukakaa tena. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa Mama Akinyi, mwanamke mwenye asili ya upande wa ziwa. Mumewe anafanya kazi kiwandani, wanaishi kwenye nyumba za kampuni katikati ya mashamba ya chai. Tulipokwama alifungua gazeti lenye samaki wa kukaanga, akanisogezea.

"Mama, shika kipande."

"Ahsante, nimeshiba."

"Umeshiba na nini? Tangu Nairobi unadonoa karanga moja moja kama kuku."

Nilimweleza sheria zangu. Nilitegemea acheke lakini alisikiliza kwa makini, vidole vimejaa mafuta.

"Hiyo ya kuchemsha ni sawa," alisema. "Hata sisi huko kwa laini za kampuni tunaambiwa hivyo. Lakini kuni ni ya nani?"

"Kuni?"

"Eeh. Sisi tunapatiwa kuni ya kuhesabiwa. Ukichemsha ya kunywa kila siku, utapika na nini? Na hii mvua imefanya kuni yote ni maji tu. Huko unaenda, utachemshiwa na kuni ya nani?"

"Ya mama mkwe wa mwanangu. Ni kijijini, kuni zipo."

"Basi uliza yeye," alisema Mama Akinyi, akaendelea kumtoa samaki miiba.

Sikuliona hilo kuwa swali. Niliona ni maneno ya mtu aliyechoshwa na maisha ya nyumba za kampuni.

Kericho yenyewe, kwa mtu wa Tukuyu, si ya kushangaa. Chai ni chai. Ila kwetu chai hupanda mlima na kushuka, ikakatizwa na migomba, na kule inakwenda tu mpaka macho yanachoka. Mvua ya mawe ilikuwa imepita mchana ule na majani yametobolewa shamba zima. Weldon alinipokea stendi akiwa na pikapu ya kubebea maziwa aliyoiazima kwa rafiki. Tulipita Litein na Kaplong hadi Bomet, kisha tukaacha lami, tukasukumwa kwenye matope mara tatu kabla ya kufika Merigi. Tumpe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimshika Chebet nikalia, yeye akalia zaidi yangu.

MERIGI

Mama yake Weldon wote pale nyumbani walimwita Kogo, ndiyo bibi kwa Kikipsigis. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani yakining'inia. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Chamgei," salamu yao. Mimi, mdogo kwake kwa miaka kumi au zaidi, nikajibu, "Marahaba," kana kwamba ameniambia shikamoo. Hakujua kosa langu, akafurahi tu.

Alinikaribisha kwa mursik, maziwa yao ya kuganda ya kibuyuni yenye masizi ya mti wao maalumu. Alimimina bilauri ikajaa hadi juu. Niliitazama ile bilauri nikamwona Mama Sekela nyuma ya lori.

"Mama, hii ni ya heshima," Weldon aliniambia kwa sauti ya chini. "Wewe onja tu kidogo."

Nilisema tumbo langu ni dhaifu. Weldon alimtafsiria mama yake. Kogo akaichukua bilauri mkononi mwangu, polepole, kama vile mimi ndiye nimemfanyia hisani.

"Hakuna shita," alisema kwa Kiswahili chake kidogo. "Mkeni anakunywa ile anataka."

Basi nikaeleza ninachotaka. Maji yachemshwe asubuhi na jioni, nami nikiwepo, yatokote mpaka niseme basi. Kogo aliitikia kwa kichwa kila neno. Kisha akanyoosha mkono rafuni akashusha chupa nyekundu ya chai yenye maua, kitu kizuri kuliko vyote mle jikoni, akaipangusa kwa pindo la leso yake, akaijaza.

"Hii ni yako," akasema. "Hakuna mtu atakusa."

Lazima niwaeleze jiko lile. Juu ya moto kulikuwa na dari ya fito, na kwenye dari zimepangwa kuni kavu, zimekatwa urefu mmoja, hazina hata kijiti kilichochomoza. Mwanamke wa kule hutambulika kwa dari yake. Kogo alikuwa amezikusanya tangu kiangazi, anazibeba mgongoni kwa kamba, mzigo baada ya mzigo. Weldon alikuwa akishinda kiwandani wiki nzima anarudi Jumamosi, kwa hiyo kuni, ng'ombe na shamba la chai ni kazi za wanawake wawili.

Kila asubuhi, kabla maji mapya hayajatokota, nilikuwa namimina yaliyobaki ya jana kwenye beseni nanawa miguu. Mnanijua, mimi sinywi maji yaliyolala. Yalikuwa bado na uvuguvugu mzuri, na matope ya kule yanaingia hadi kwenye kucha. Siku ya tatu au ya nne Tumpe alisimama karibu yangu akaniuliza taratibu.

"Mama, si haya ya jana bado ni mazima? Chupa haijafunguliwa tangu jioni."

"Tumpe, nani kakufundisha hayo? Umekaa huku miaka mitatu tu umeshasahau ulikotoka?"

Kogo alikuwa hatua chache kutoka pale, ameketi kwenye kigoda chake anakamua. Alilitazama beseni, akaitazama miguu yangu, akarudi kwenye chuchu za ng'ombe. Nilidhani anashangaa usafi wangu.

Mchana wa siku hiyo nilimwona akirudi kutoka shambani, amelowa, akachota maji kwenye pipa la mlangoni kwa kikombe cha plastiki akayanywa kwa mkupuo. Pipa lile waliongezea maji ya mto maji ya bati yasipotosha, na mto kwa mafuriko yale ulikuwa na rangi ya udongo na mambo mengine ambayo sitayataja.

"Kogo, hayo si salama," nikamwambia.

Alijifuta mdomo, akatabasamu. "Mimi tumpo yangu imesoea."

Nilimwamini, maana ilinifaa kumwamini. Tena nilijisikia vizuri. Niliwaza jinsi nitakavyowaambia kwamba nilikaa nyumba moja na mtu anayekunywa mto mzima mzima, na mimi mwenyewe sikupata hata msokoto wa tumbo.

WIKI YA PILI

Mvua haikupumzika. Wiki ile Kogo alianza kwenda chooni mara kwa mara. Choo kiko upande wa chini wa shamba, nami nilimwona kutoka dirishani akishuka na gunia kichwani, anapanda, anashuka tena. Hakumwambia mtu. Nilimwambia Tumpe, "Unaona sasa? Si nilisema?" Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

Na nikafanya jingine ambalo mpaka leo linanichoma. Nilimchukua Chebet. Mtoto alizoea kulala kwa bibi yake, kwenye ngozi yake ya kulalia karibu na moto. Nilisema ni kwa ajili ya usafi, asije akaambukizwa. Kogo alipomnyooshea mikono nikageuka upande na mtoto. Alishusha mikono yake akaiweka magotini. Baada ya hapo hakunyoosha tena.

Alhamisi niliinua macho nikaona dari haina kitu. Fito tupu, moshi unapita katikati. Tumpe alikuwa anapuliza matawi mabichi aliyoyakata kwenye ua, macho yamevimba. Niliona. Nawaambia kweli, niliona kwa macho haya, na sikuuliza. Nilisema tu kwamba moshi utaharibu ladha ya maji.

Ijumaa alfajiri nikamkuta Kogo anapasua kigoda chake cha kukamulia kwa panga. Panga lilikuwa linamteleza. Nikadhani kigoda kimevunjika mguu. Vipande vilikuwa vikavu, viliwaka mara moja, na maji yangu yalitokota mapema siku hiyo kuliko siku zote. Nikamsifu kwa moto mzuri.

Jumamosi asubuhi alikamua akiwa amechuchumaa, maana hakuwa na cha kukalia. Nilikuwa nanawa miguu. Nilisikia ndoo inaanguka, nikageuka, nikaona maziwa yanakimbia kwenye matope na Kogo amelala ubavu chini ya ng'ombe, na ng'ombe amesimama kimya asimkanyage.

MTONI

Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililonitisha tulipomwinua, mwanamke mrefu vile na hana uzito. Macho yameingia ndani. Nikamfinya ngozi ya mkono nayo ikabaki imesimama. Nikajua ninachokiangalia, kwa sababu nilishakiona nyuma ya lori.

Majirani wanne walifunga blanketi kwenye miti miwili wakambeba. Hospitali iko ng'ambo ya mto, si mbali, siku za kawaida ni mwendo wa kawaida tu. Weldon tulikutana naye njiani anatoka kazini kwa miguu, akatupa begi lake akashika mti wa mbele. Tulipofika mtoni hakukuwa na daraja. Magogo yalikuwa yamechukuliwa, imebaki nguzo moja ikitikisika kwenye maji. Ng'ambo tuliona barabara na watu wamesimama. Weldon alikimbia kupanda juu ya mto kutafuta pa kuvukia na mtu mwenye trekta. Sisi tukamlaza Kogo chini ya mwavuli, tukasubiri.

Nilikuwa na ile chupa nyekundu begani, maana sikwenda popote bila hiyo. Nilikuwa nimekunja pia sukari na chumvi kwenye karatasi wakati tunatoka. Nilichanganya kama tulivyofundishwa kliniki, nikamwinua kichwa Kogo, nikamwekea kifuniko mdomoni.

Alifungua macho akaiona chupa. Akafunga midomo.

"Kunywa, Kogo."

"Hapana," alisema. "Hiyo ni ya mkeni."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamgeukia Tumpe anisaidie, na hapo ndipo mwanangu aliponitazama vile ambavyo hajanitazama tangu nimzae.

"Hiyo chupa ni yake," alisema. "Weldon alimnunulia. Mwaka jana alilazwa kwa tumbo wiki tatu, daktari akamwambia asinywe maji mengine maisha yake yote isipokuwa ya kuchemsha. Zile kuni za darini ni za maji yake, Mama. Alizikusanya ili zimtoshe mvua nzima. Ulipokuja akasema kwanza uji wa mtoto, halafu maji ya mgeni. Za kwake hazikutosha."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema nikikuambia kuni zinaisha utaona kama tunakufukuza." Akainyooshea chupa kidole. "Nilijaribu. Nilikuambia ya jana bado ni mazima. Ulikuwa unanawia miguu, Mama. Kila siku alikuwa anakuangalia unanawa nayo miguu."

Nilipiga magoti kwenye matope nikakishika kichwa cha yule mwanamke kwa mikono miwili.

"Kogo, nisikilize. Mimi si mgeni. Kunywa. Mimi si mgeni tena."

Sijui kama alielewa. Alinitazama, akafungua midomo, akanywa funda moja, akanywa la pili. Nafikiri alikunywa kwa adabu, ili asinikatalie. Funda la tatu lilitoka pembeni ya mdomo likaingia shingoni. Tumpe akamfuta kwa kanga yake. Alipomaliza kumfuta hakukuwa na haja tena ya kifuniko.

Baada ya muda tukamwona Weldon ng'ambo, amesimama juu ya trekta, anatupungia mkono tumteremshe mama yake pale maji yalipo mapana. Hakuna aliyempungia. Aliendelea kupunga, mkono wake ukawa unashuka kidogo kidogo.

MAZIKO, NA KURUDI

Kule mtu akifiwa, wanawake wa jirani huja na kuni. Tangu Jumapili walikuja, mmoja mmoja, wengine kutoka mbali, kila mmoja na mzigo mgongoni, kuni kavu walizozitoa kwenye dari zao wenyewe. Waliipanga mizigo ukutani hadi ikafika kwenye bati. Moto ulikaa siku tatu bila kuzimika, masufuria makubwa yanatokota uani, watu wanaoga maji ya moto. Nilikaa kwenye kona nikaangalia zile kuni.

Nilimwendea Weldon nikamwambia yote, hata ya beseni. Nilitaka anitukane. Nilitaka anifukuze kwenye boma lake, ningeondoka nikiwa nimepata changu.

"Mama, wewe wacha," alisema. "Hukujua. Mama yangu alikuwa hivyo hata kwa watu wengine. Hiyo ni mipango ya Mungu."

Nilirudi kwenye kona yangu nikiwa na mzigo ule ule.

Tulimzika upande wa chini wa nyumba, shamba la chai linapoanzia. Tulipotoka kaburini nilikwenda kwenye pipa la mlangoni, mbele ya watu wote, nikachota kwa kile kikombe cha plastiki nikanywa mpaka mwisho. Tumpe aliniona. Hakunizuia. Siku mbili alikuwa hasemi nami, siku ya tatu akaniletea Chebet akaniwekea mapajani, akaenda kukamua. Tangu hapo tunaongea, lakini tunaongea kama watu wanaobeba kitu kizito pamoja na wanaogopa kukiangusha.

Nilikaa siku sita zaidi na kila siku nilikunywa lile pipa. Nilikunywa mursik ya jirani. Siku ya kuondoka Weldon aliniletea chupa nyekundu imefungwa kwenye gazeti. "Chukua, Mama. Yeye alisema ni yako." Ningekataaje?

Stendi ya Kericho nilikula nanasi lililomenywa na mtu mwingine, limekaa juani na nzi wake. Namanga niliingia hoteli ile ile, nikaomba githeri ya jana. Yule mwenye aproni alinikumbuka akaogopa, akasema ya jana haipo. Nikamwambia anipe yoyote iliyopoa, nikala nikalamba sahani. Mikumi nilimtafuta mama ntilie wa maharage nimwombe radhi, nikakuta kibanda kimechukuliwa na maji. Njia nzima nilikula kila mlichonikataza, nikawa naweka mkono tumboni nasikiliza kama limeanza.

Chupa mnayoiona kabatini, ambayo wawili wenu mmeisifu maua yake, ndiyo hiyo. Msiniombe niimiminie chai.

Na swali lenu la mlangoni nalijibu hapa, msiniulize tena. Halikunisumbua. Tangu Tukuyu hadi Merigi, na tangu Merigi hadi hapa, tumbo langu halikunisumbua hata siku moja.